Zahanati tumejengewa, huduma tumeipata? Uzi kuhusu bima ya afya kwa wote na wanaoishi mbali na barabara

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwenye mlango wa zahanati ya kijiji chetu, huku milimani mkoani Morogoro, pamebandikwa karatasi mbili. Ya kwanza imechapwa vizuri, nayo inaeleza kwamba wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wanahudumiwa bila malipo. Ya pili imeandikwa kwa kalamu ya wino, nayo inamtaka kila mjamzito aliyekaribia siku zake aje na glovu jozi tatu, pamba, nyembe mbili, kibanio cha kitovu, mpira wa kulalia, beseni na khanga mbili. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati hiyo kwa miaka minne, na mara nyingi nimewaona kina mama wakisimama mbele ya mlango ule. Sijamwona hata mmoja akipoteza muda kwenye karatasi ya kwanza.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tumekuwa tukijadili kadi tu: bei yake, idadi ya wategemezi, na magonjwa yaliyomo na yasiyokuwemo katika kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima. Maswali hayo ni ya haki kabisa. Hata hivyo, kadi haiwezi kununua kitu ambacho hakipo, na hofu yangu ni kwamba bima ikitangulia kufika kabla ya watumishi na dawa, mchango wa mkulima wa milimani utaishia kumtibu mtu anayekaa karibu na hospitali. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini nasema hivyo, kwa maana jambo lenyewe lina historia.

Zahanati nyingi za vijijini ni matunda ya kipindi kilichofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, pale nchi ilipoamua kwamba fedha za afya zisiendelee kumezwa na hospitali chache za mijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba zao. Marehemu baba alikuwa kiongozi wa kikundi kimojawapo, na choo alichochimba kwa msukumo wa redio ile tulikitumia hadi nilipomaliza darasa la saba. Kwa hiyo mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulipoitaja huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, Watanzania wa vijijini walikuwa tayari wanaijua kwa mikono yao, hata kama jina hilo hawakuwa wamelisikia.

Baadaye uchumi ulianguka. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali, na mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukajaribiwa wilayani Igunga, ambako kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka na Serikali ikaongeza kiasi kile kile kwa utaratibu uliokuja kuitwa Tele kwa Tele. Mwaka 2001 mfuko huo ukapata sheria yake. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kuwahudumia watumishi wa umma, kwa makato ya asilimia sita ya mshahara yanayogawanywa nusu kwa nusu kati ya mtumishi na mwajiri. Nawaomba mtazame vizuri hapo, kwa sababu mpasuko ninaouzungumzia umeanzia hapo. Mtumishi alipata kadi inayopokelewa mpaka hospitali kubwa. Mkulima alipata kadi ambayo kwa miaka mingi haikuvuka mipaka ya wilaya yake, na pengine haikuvuka zahanati yake. Hakuna aliyekusudia kuunda madaraja mawili ya wagonjwa, lakini ndivyo ilivyotokea, na tumeishi hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kwa upande wa majengo, sina lawama kubwa. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, yaani MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Lengo halikufikiwa lote, ila tulifyatua matofali, tukabeba mawe na mchanga, na kuta zikasimama. Fedha za tozo ya miamala ya simu iliyoanza mwaka 2021, ambayo wengi wetu tuliilalamikia humu humu jukwaani, zilielekezwa pia katika ujenzi wa vituo vya afya 234 kwenye tarafa ambazo hazikuwa navyo. Jengo linaonekana, linapigwa picha na linazinduliwa kwa kukata utepe. Muuguzi aliyepungua katika ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, hapigwi picha.

Ikama iliyotolewa mwaka 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Zahanati yetu ina wawili: tabibu ambaye ndiye mganga mfawidhi, na muuguzi mkunga. Tabibu akiitwa wilayani kupeleka taarifa, muuguzi anabaki peke yake na kliniki ya watoto, wagonjwa wa nje, sindano za uzazi wa mpango, jokofu la chanjo, vitabu visivyohesabika vya kujaza, na mjamzito yeyote atakayekuja na uchungu. Siku muuguzi huyo akiugua malaria, kwa maana wauguzi nao huugua, mlango unafungwa. Mwaka 2017, katika uhakiki wa vyeti ulioondoa watumishi wa umma zaidi ya 9,900 nchi nzima, sisi tulimpoteza mhudumu wa afya ambaye ndiye aliyekuwa akifungua mlango wengine wasipokuwepo. Sitetei cheti cha kughushi. Nasema tu kwamba aliondoka mwezi wa tano na nafasi yake haijajazwa.

Sasa nifike kwenye fedha, ambako ndiko hoja yangu ilipo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati badala ya kukaa halmashauri. Hilo ni badiliko bora kuliko yote niliyoyashuhudia nikiwa katika kamati, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanakijiji tulikaa mezani na kuamua kama tununue dawa, turekebishe kichomea taka, au tumlipe mlinzi. Dawa tunaagiza Bohari ya Dawa kila robo mwaka, na zile zinazokosekana tunaruhusiwa kuzinunua kwa Mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, chini ya utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Yote hayo ni mazuri. Tatizo liko kwenye fedha zinazotokana na kadi, kwa kuwa hizo humfuata mgonjwa pale alipotibiwa.

Tufanye kuna zahanati mbili. Moja ipo kando ya barabara ya lami: ina watumishi sita, maabara ndogo na umeme. Nyingine ni ya kwetu. Kaya zilizojiunga ni sawa kila upande, na kila kaya imetoa kiasi kile kile. Ile ya barabarani inatibu wagonjwa wengi, inajaza fomu nyingi, inadai malipo mengi, inanunua dawa, na kwa sababu ina dawa inavutia wagonjwa zaidi, wakiwemo wa kwetu wenye nauli. Ya kwetu haina dawa, kwa hiyo wagonjwa hawaji, kwa hiyo hakuna cha kudai, kwa hiyo hakuna fedha ya dawa. Mwaka wa pili mwanakijiji anakataa kujiunga tena, na wilayani wanasema kwamba wananchi hawana elimu ya bima. Elimu wanayo, ndugu zangu, na hesabu wameipiga.

Wanaobaki hupita njia nyingine. Mtoto akipandisha homa usiku, mama anasubiri kupambazuke, anakwenda duka la dawa muhimu, anaeleza dalili, na anakatiwa vidonge kulingana na fedha aliyonayo mkononi. Maduka haya yalianza kuratibiwa mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale tuliyoyaita ya dawa baridi, na kwa kweli yameokoa watu wengi. Kwa maelfu ya familia, huyo muuza dawa ndiye daktari wa kwanza. Lakini mwenye shilingi 1,000 anapata nusu dozi, na nusu dozi ya kiuavijasumu (antibiotiki) ina madhara yake kwa mgonjwa mwenyewe na kwa kijiji kizima. Homa isipotulia ndipo safari ya kituo cha afya inapoanza. Wakati wa masika bodaboda wetu wanatoza shilingi 15,000 kwenda tu, na si kwa ukatili, maana ukiiona ile njia utawahurumia.

Kwa hiyo naomba tujadili jambo moja: je, huduma za zahanati na kituo cha afya zingetolewa nje ya bima kabisa, zigharimiwe na kodi kwa wote bila kuonyesha kadi, na bima ibaki kwa ajili ya hospitali? Karibuni.

HESABU KWANZA

Mkuu, nimekusoma kwa makini, lakini picha unayoichora ni ya giza kupita kiasi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 umeonyesha kwamba vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuwa umeonyesha 556. Wanaojifungulia katika vituo wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Kama majengo hayasaidii kitu, haya yametokea wapi? Nchi haiwezi kuajiri watu 15 kwa kila kijiji kwa siku moja. Jengo linatangulia, mtumishi anafuata.

MLETA UZI

Mkuu Hesabu Kwanza, takwimu zako ni sahihi na ninazifurahia. Sikusema majengo hayasaidii kitu. Ninachosema ni kwamba mafanikio hayo hayakugawanyika sawa, na asilimia 19 waliobaki wakijifungulia nje ya vituo hawakutawanyika nchi nzima kama mbegu zilizorushwa. Wamejikusanya kwenye maeneo yale yale: vijiji vya wafugaji, visiwa vya wavuvi, milimani, na kwenye kaya maskini zaidi. Daktari mmoja aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, Julian Tudor Hart, alieleza mwaka 1971 kwamba tiba nzuri huwa adimu zaidi kwa watu wanaoihitaji zaidi, na kwamba hali hiyo huzidi pale tiba inapoachiwa soko. Nchi yake ilikuwa tajiri na ilikuwa na huduma ya afya ya taifa, na bado aliyaona hayo.

Kuhusu mtumishi kufuata jengo, tumesubiri. Zahanati yetu ilifunguliwa mwaka 2011.

MKUNGA WA ZAMANI

Mwanangu mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho, na nimeona niseme kwa sababu ile karatasi ya pili ya mlangoni, mimi mwenyewe niliwahi kuiandika kwa mkono wangu mahali pengine. Nilifanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka 31, zaidi ya nusu yake katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini.

Watu wanadhani tunawatoza kina mama kwa uchoyo. Vifaa vya kujifungulia vilikuwa vinakuja kwa robo mwaka na kuisha ndani ya wiki sita. Mzazi akifika saa nane za usiku na kabati langu halina glovu, nina njia mbili: nimpokee mtoto kwa mikono mitupu, nikihatarisha maisha yake na yangu, au nimtume mumewe akagonge dukani kwa mtu aliyelala. Ndiyo maana nikaandika ile karatasi, ili wajue mapema. Aibu yake ninayo mpaka leo, kwa sababu wako waliokosa fedha ya vitu hivyo wakaamua kubaki nyumbani, na wengine niliitwa kwao wakati damu imekwisha kumwagika. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Sindano ya oksitosini ya kuizuia damu hiyo inatakiwa ikae kwenye baridi, na jokofu letu la gesi lilikuwa linakaa wiki nzima bila mtungi kubadilishwa.

Jambo la pili ni nyumba. Nimepokea mabinti wauguzi wengi waliotoka chuoni na barua mpya ya ajira mkononi. Wakifika wanaonyeshwa chumba kimoja chenye popo, maji kilomita mbili, hakuna umeme, na mshahara wa kwanza bado haujaingia. Mmoja aliuliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi kabla hajatua begi. Sikumlaumu. Mimi nimezalisha nikiwa nimeishika tochi ya simu kwa meno, lakini sikumlaumu. Kijiji kinachotaka muuguzi kianze na nyumba ya muuguzi, kisha ndiyo kifikirie wodi.

Nimalizie kwa jema moja. Huu mfumo wa m-mama, ambao unapiga 115 bila malipo na kuletewa gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale gari linapokosekana, na dereva huyo akalipwa na mfumo, ungekuwepo enzi zangu, kuna majina mawili nisingekuwa nayo moyoni. Shida ni mtandao. Kuna vijiji ambavyo ili upige hiyo 115 inabidi kwanza upande kilima.

MLETA UZI

Shikamoo mama. Nilipoandika kuhusu karatasi zile sikuwa nimewaza mkono ulioiandika ya pili, na nimesahihishwa. Suala la nyumba umelieleza kuliko nilivyoweza. Kamati yetu iliwahi kupiga kura kati ya kumalizia nyumba ya mtumishi na kuweka uzio, na tukachagua uzio kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaingia. Leo hii naona tulikosea.

MPWA WA PWANI

Salaam kutoka Kilifi, Kenya. Ningependa kulijibu swali la mleta uzi moja kwa moja, kwa maana huku tumejaribu kitu kinachofanana na anachokipendekeza.

Huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti mwaka 2013, na mwaka huo huo ada zikaondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Oktoba 2024 bima ya zamani ikafungwa, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi huiita SHA, yenye hazina tatu. Ya kwanza ni ya afya ya msingi, inagharimiwa na kodi, na inalipia matibabu katika ngazi za chini. Ya pili ni bima yenyewe, ambayo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na asiye na mshahara anapimwa uwezo wake kisha analipa si chini ya shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu. Kwa karatasi, ndugu yangu, ni kama ulivyochora wewe.

Kwa vitendo kuna mambo mawili. Kwanza, ingawa huduma ya zahanati hailipiwi, lazima uwe umejisajili, na kwa kujisajili unahitaji kitambulisho na simu. Mzee wa bara asiye navyo anabaki pale pale alipokuwa. Pili, mwenye kudai ni zahanati na mwenye kulipa yuko mbali, na malipo yakichelewa, zahanati ndogo haina akiba ya kusubiria kama hospitali kubwa. Zahanati iliyo karibu nasi hufunga Ijumaa jioni na kufungua Jumatatu, kana kwamba maradhi nayo yana wikendi. Kilichotusaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni wahamasishaji wa afya wa jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Yule wa mtaa wetu ndiye aliyegundua presha ya mama yangu, akiwa amekaa barazani kwetu. Wengi wao walikuwa wakifanya kazi hii kwa kujitolea, na sasa angalau wanapata posho.

MKAZI WA MBAGALA

Mnaongea kana kwamba sisi wa Dar es Salaam tumeneemeka. Hospitali zipo, nakubali, na ukipanda juu ya ghorofa utaziona. Umbali wetu sisi unapimwa kwa foleni. Ukitaka kumwona daktari katika kituo cha Serikali na bado uwahi kibarua, unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Anayeishi kwa kipato cha siku akipoteza siku, watoto wanalala na njaa, kwa hiyo anaingia duka la dawa kama huyo mama wa milimani, na anakatiwa vidonge vile vile.

Halafu kuna hili la kuwatambua wasio na uwezo ili Serikali iwalipie. Sheria imeweka mfuko kwa ajili yao na kuutajia vyanzo, zikiwemo kodi za vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Vizuri sana. Sasa nani atawatambua? Kijijini mkutano wa hadhara unaweza kusema kwamba bibi fulani hana mtu, na kila mmoja akaitikia. Huku uswahilini mpangaji anahama kila baada ya miezi sita, mjumbe hamjui kwa jina, na jirani anamfahamu kwa mlio wa redio yake tu. Maskini wa mjini hana shahidi.

MLETA UZI

Mkazi wa Mbagala, hilo la shahidi sikulifikiria, na nadhani linaipa nguvu hoja ya kuiondoa kadi mlangoni mwa zahanati. Ukitoa huduma kwa kila anayeingia, huhitaji kumthibitisha nani ni maskini. Unahitaji kumthibitisha nani ni mgonjwa, na hiyo ni kazi anayoijua tabibu. Upimaji wa uwezo unaweza kusubiri mpaka mtu apewe rufaa ya hospitali, ambako gharama ni kubwa na wagonjwa ni wachache.

Mpwa wa Pwani, ahsante sana. Umenionyesha kwamba kutenganisha hazina peke yake hakutoshi kama fedha bado inatolewa kwa kudai baada ya kutibu. Kwa zahanati ndogo ningependa kiasi fulani kitangulie kila mwezi kwa kuangalia idadi ya watu na ugumu wa eneo, awe ametibiwa mtu mmoja au mia. Kijiji chenye wakazi 2,000 kilicho kilomita 40 kutoka barabarani hakiwezi kupewa sawa na chenye wakazi 2,000 kilicho stendi, kwa sababu huko mbali hata kuifikisha chanjo ni gharama, na huduma ya mkoba ambayo muuguzi hubeba chanjo na mizani kwenda vitongojini inahitaji mafuta ya pikipiki. Kwetu huduma hiyo hutakiwa kila mwezi, na mwaka jana ilifanyika mara tano.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nasi tumeanza kuwapata chini ya mpango jumuishi uliozinduliwa mwaka 2024. Kijijini kwetu wawili wamekwenda mafunzo. Ninachoomba ni posho yao iwekwe katika bajeti yetu wenyewe na isitegemee mradi, kwa maana tuliona mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, jinsi watu waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wa VVU majumbani walivyoambiwa ghafla wasije kazini.

MTOTO WA KWANZA

Wakuu, mimi nina swali dogo la nyumbani. Mama yangu ana miaka 67, anaishi kijijini wilayani Kilosa pamoja na wajukuu watatu, na ana presha. Kwa haya yote mliyoyaeleza, nimkatie kadi au fedha hiyo nimtumie tu?

MLETA UZI

Mkatie. Kwa kiwango cha CHF iliyoboreshwa, yaani ule Mfuko wa Afya ya Jamii, tulichokuwa tukitumia kijijini kwetu, shilingi 30,000 zilibeba kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka, kwa hiyo yeye na wajukuu wote wangeingia katika kadi moja, na ingemfikisha mpaka hospitali ya mkoa ikiwa amepewa rufaa. Muulize mwandikishaji wa kijiji chao kiwango cha sasa kabla hujatuma, kwa sababu mambo yanabadilika kuelekea bima mpya. Yeye kama mzee asiye na uwezo anastahili msamaha hata bila kadi, lakini utambulisho wake unapitia serikali ya kijiji, na barua hiyo aifuatilie sasa akiwa mzima, asisubiri siku atakayobebwa.

Halafu kabla ya kulipa, mpigie mganga mfawidhi wa zahanati yao umuulize kama dawa ya presha anayotumia mama ilikuwepo katika miezi mitatu yote iliyopita. Atakwambia ukweli, wengi wao husema. Kama haikuwepo, bado mkatie kadi, ila tenga fedha nyingine pembeni ya nauli ya kwenda kituo cha afya kila mwezi, na umwachie mtu mzima wa karibu naye. Usimwachie yeye mwenyewe, kwa sababu atawanunulia wajukuu madaftari.